Beringi Ile Ile, Mara ya Tatu

Mlio ulianza gari likiwa limetembea kilomita 17,400. Naikumbuka namba hiyo kwa sababu niliiandika siku ile ile, na kuiandika kulikuja kunifaa sana. Ulikuwa mvumo mdogo, kama wa nyuki ndani ya mzinga, unaoanza mshale wa spidi ukifika 60 na kupanda kadiri ninavyokanyaga mafuta. Nikikata kona ya kulia unaongezeka. Nikikata ya kushoto unanyamaza kabisa. Gari lilikuwa halijafikisha miezi kumi na moja tangu nikabidhiwe ufunguo. Viti vya nyuma vilikuwa bado vina harufu ya kiwandani.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeendesha magari yaliyokwisha tumika kwa miaka kumi na miwili. Nayajua magari yanavyosema yakichakaa. Bushi zikiisha linagonga, mkanda ukikauka unapiga mluzi asubuhi, shokapu ikichoka gari linaendelea kuyumba wakati tuta umeshalipita. Yote hayo niliyapokea bila kinyongo, maana kitu kikitumika kinaisha. Hili nililinunua jipya kwa makusudi: nilitaka miaka michache ya kuwasha na kuondoka. Kwa hiyo mvumo ule uliniumiza, na sioni haya kusema hivyo. Mtu akiweka akiba muda mrefu kwa ajili ya kitu kimoja, kitu hicho kikianza kuugua mapema anahisi kuna ahadi imevunjwa, hata kabla hajasoma karatasi ya waranti kujua ahadi yenyewe ilikuwa ipi.

"Hayo ni matairi tu, dada," aliniambia kijana wa mapokezi kwenye gereji ya wakala wa mtengenezaji.

Sikumlaumu. Tairi lililolika kwa mawimbi hutoa mvumo unaofanana mno na wa beringi, kile kipuri cha katikati ya gurudumu kinacholiwezesha kuzunguka, na hata mafundi wazoefu hudanganyika. Ila ipo njia rahisi ya kuvitenganisha: matairi ya mbele yapelekwe nyuma, ya nyuma yaje mbele. Mlio ukihama, ni tairi. Ukibaki palepale, tazama beringi. Nikaomba wafanye hivyo nikiwa nasubiri, na mlio ukabaki mbele kushoto. Fundi akalipandisha gari juu, akazungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku kiganja cha mkono wa pili kikiwa kimeshika springi. Akaniita nami nishike. Springi ilikuwa inatetemeka kwa chembechembe, kana kwamba mchanga unapita ndani ya chuma chake. Upande wa kulia ilikuwa imetulia tuli.

Jioni nililichukua gari likiwa na beringi mpya, bila kulipa chochote. Kwenye kadi ya kazi waliandika maneno manne: "Beringi mbele kushoto imebadilishwa." Niliondoka nimeridhika kabisa.

Lilipofika kilomita 26,100 mvumo ukarudi. Upande ule ule.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Beringi ya gurudumu ni kitu kidogo chenye kazi kubwa: pete mbili za chuma kigumu, ya ndani na ya nje, na katikati yake safu mbili za gololi zilizolala kwenye grisi. Imezibwa kwa sili pande zote mbili, haifunguliwi wala haiongezwi grisi. Ikiharibika inatolewa nzima. Wahandisi huipimia umri kwa kipimo wanachokiita L10, yaani muda ambao ukipita, beringi 10 kati ya 100 za aina moja, zikifanya kazi katika hali moja, zitakuwa zimeanza kumomonyoka. Zile 90 zitaendelea. Kwa hiyo hata katika hesabu za mtengenezaji mwenyewe zipo zitakazotangulia. Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili ulionishtua. Kwa beringi za gololi, ukizidisha mzigo mara mbili, umri wake unashuka hadi sehemu moja ya nane. Chochote kinachofanya gololi chache zibebe mzigo uliopaswa kugawanywa kwa zote, hata kama ni kosa dogo la kukandamiza pete wakati wa kuifunga, kinaweza kula kilomita nyingi mno kwa siku moja.

Kuna mchoro mwingine ambao watu wa ubora viwandani wanaujua vizuri, nao huitwa mchoro wa beseni kwa sababu ya umbo lake. Ukipanga idadi ya vipuri vinavyokufa kulingana na umri wao, mstari unaanzia juu, unateremka haraka, unakwenda bapa kwa muda mrefu, kisha unapanda tena uzee unapoingia. Ule mteremko wa mwanzoni ni vifo vya utotoni: chuma kilichotoka na ufa usioonekana, sili iliyokaa upande, boliti iliyokazwa pungufu, kiungo cha waya kilicholehemiwa vibaya. Gari moja lina sehemu zipatazo 30,000 ukihesabu hadi skrubu ya mwisho. Katika wingi huo, kitu kimoja au viwili kufa mapema siyo ajabu, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya waranti kuwepo. Mwanzo wa umri wa gari una hatari yake, na mtengenezaji anaubeba mzigo huo.

Hayo yote niliyakubali. Beringi ya kwanza ilikuwa imekufa utotoni, basi. Lakini ya pili? Mchoro wa beseni unaeleza kifo cha kipuri kimoja. Hauelezi vipuri viwili, vilivyotoka maboksi mawili tofauti, kufia mahali pamoja, cha kwanza kwenye kilomita 17,400 na cha pili baada ya kilomita 8,700 tu. Mpangaji akihama kwa sababu nyumba inavuja, na mpangaji wa pili akahama kwa sababu hiyo hiyo, hutawalaumu tena wapangaji. Unapanda kutazama paa.

Niliporudi gereji niliuliza swali moja tu: beringi ya kwanza ilikufa kwa nini?

Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Kadri nilivyozungumza na watu wa pale, tena kwa upole maana hawakuwa watu wabaya, nilielewa kuwa mfumo wenyewe hauna nafasi ya swali hilo. Kwa kawaida mtengenezaji humlipa wakala kwa saa zilizopangwa tangu mwanzo: kubadilisha beringi, saa kadhaa. Saa za kuchunguza ni chache, na kuzidai kunahitaji maelezo na vibali. Kipuri cha zamani hukaa stoo kwa muda, kiwanda kikikihitaji kinaitwa, kisipohitajika kinatupwa. Fundi anayemaliza kazi haraka anaonekana hodari. Fundi anayesimama na pete ya chuma mkononi akiigeuza chini ya taa anaonekana anapoteza muda. Waranti inalipa kipuri. Hailipi jibu.

"Labda uliingia kwenye shimo," akasema msimamizi.

Inawezekana. Shimo huua beringi kweli. Gurudumu likipigwa kwa nguvu, gololi zinachapa vishimo kwenye njia yake, na vishimo hivyo hukaa kwa nafasi sawa na nafasi ya gololi zenyewe. Mafundi huziita alama za Brinell, kwa jina la mhandisi wa Sweden, Johan August Brinell, aliyebuni mnamo 1900 kipimo cha ugumu wa chuma kwa kukandamiza gololi juu yake. Zipo pia alama zinazofanana nazo ambazo hazitokani na pigo. Miaka ya 1930 huko Marekani, magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni yalifika na beringi zilizoharibika bila kuendeshwa hata kidogo: magurudumu yalikuwa yamesimama, treni ikitikisika siku nyingi, gololi zikisugua sehemu moja tu hadi grisi ikakimbia na chuma kikalika. Nayaeleza haya kwa sababu yananigusa sana. Kila namna ya kufa inaacha alama yake. Shimo lina alama yake, safari ya treni ina yake, ufungaji mbaya una yake. Ukiifungua beringi iliyokufa na kuitazama, inakuambia. Kwa hiyo mtu akikuambia "labda ni shimo" bila kuifungua, hajachunguza. Amekisia, na makisio yake yanakuangukia wewe mwenye gari.

Nikaomba ifunguliwe. Wakasema beringi ya pili itabidi iende kwa mtengenezaji ikiwa nzima. Wakafunga ya tatu. Safari hii niliomba kadi ya kazi iandikwe maelezo yangu kwa maneno yangu: mlio unaanza spidi gani, kona ya upande gani, kilomita ngapi, siku ngapi tangu matengenezo ya kwanza. Kijana wa mapokezi aliandika yote bila kusita. Nadhani alikuwa ameanza kuliona swali langu kuwa lake pia.

Katikati ya mambo hayo, pampu ya maji nayo ikaanza kuvuja. Kilomita 31,000. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo kilichowekwa kwa makusudi, ili sili ya ndani ikianza kupitisha, kulanti, yaani maji ya kupozea injini, idondokee nje uione kabla haijaingia kwenye beringi ya pampu. Kwenye kitundu hicho nilikuta ukoko wa rangi ya waridi uliokauka. Rafiki zangu walinionea huruma, wakasema gari hili lina mkosi. Mimi nilisema hapana, sasa nina vitu viwili vya kulinganisha.

Maana pampu ilikuwa hadithi tofauti kabisa. Safari hii niliomba kuona kipuri cha zamani na kipya vikiwa mezani pamoja. Namba zilikuwa sawa, isipokuwa herufi ya mwisho: ya zamani ilimalizikia kwa A, mpya kwa C. Kwa watu wa vipuri hiyo ni lugha kamili. Kipuri kimebadilishwa usanifu mara mbili tangu gari langu litoke kiwandani, kwa hiyo kiwandani wanajua. Nilikwenda nyumbani nikatafuta. Marekani, watengenezaji wanatakiwa kupeleka kwa shirika la usalama barabarani, NHTSA, nakala za nyaraka za kiufundi wanazowatumia mawakala wao, na nyaraka hizo zinawekwa wazi kwa yeyote kusoma. Gari la aina yangu linauzwa huko pia. Waraka wa pampu ulikuwepo: sili imebadilishwa, tumia kipuri kipya. Sikuwahi kuitwa, kwa sababu magari huitwa na kiwanda yarudishwe kurekebishwa kwa makosa yanayogusa usalama. Makosa mengine yanaandikiwa waraka kwa mafundi, na mwenye gari anasubiri kitu kivuje. Sioni sababu ya mmiliki kutotumiwa waraka huo. Namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17 inaonyesha gari gani limetengenezwa lini na wapi. Kututafuta siyo kazi ngumu.

Hiyo herufi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. General Motors waliwahi kubadilisha sehemu ndani ya swichi ya ufunguo wa kuwashia bila kubadilisha namba ya kipuri. Swichi za awali zilikuwa legelege; ufunguo uliweza kuteleza gari likiwa mwendoni, injini ikazimika na mifuko ya hewa ikabaki bila umeme. Kwa kuwa swichi mbaya na swichi iliyorekebishwa zilikuwa na namba moja, wachunguzi walihangaika miaka mingi kuelewa kwa nini magari ya mwaka mmoja yanaua na ya mwaka unaofuata hayaui. Magari yalianza kuitwa Februari 2014, na mfuko wa fidia ukaja kukubali madai ya vifo 124. Tangu nilisome hilo, sijawahi kupokea kipuri bila kuuliza namba yake. Beringi yangu ya pili na ya tatu zilikuwa na namba ile ile ya ya kwanza, herufi kwa herufi. Maana yake ama kiwanda hakijaona kosa, ama kosa haliko kwenye beringi.

Kilomita 35,500 mvumo ukarudi mara ya tatu.

Nilikuwa nimechoka, na pia nilikuwa na hofu ya hesabu. Waranti yangu ni miaka mitatu au kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia. Nilipoisoma karatasi mstari kwa mstari nikakuta lile ambalo waranti nyingi zinalo: kipuri kilichobadilishwa kinapata muda uliobaki wa waranti ya awali, hakianzi miaka mitatu mipya. Beringi ikifungwa mwezi wa thelathini na nne, ina miezi miwili. Kama kila beringi mpya ilikuwa inaishi kilomita 9,000 hivi, basi siku moja ingekufa nje ya mstari, na kuanzia hapo tatizo ambalo halijawahi kutafutwa lingekuwa langu peke yangu. Ndiyo maana namsihi yeyote mwenye gari jipya asihesabu matengenezo ya bure kama ushindi. Kosa linaloponywa juu juu ndani ya waranti linakusubiri nje ya waranti.

Niliandika barua. Haikuwa ya hasira. Niliweka namba tatu za kilomita, tarehe tatu, nakala za kadi tatu, na ombi moja: kabla ya beringi ya nne, nyumba ya beringi ipimwe. Nyumba ya beringi ni lile pande la chuma linalobeba gurudumu, ambamo beringi hupachikwa kwa kusukumwa na presi. Inatakiwa iingie kwa kubana. Tundu likiwa kubwa kidogo tu, pete ya nje inapata nafasi ya kuzunguka ndani yake polepole, inasuguana, inapata joto, na gololi hazikai tena katika mkao uliokusudiwa.

Barua ilinipatia mtu. Alikuwa fundi mtu mzima, mtaratibu, wenzake wanamwita mzee na nami nikamwita hivyo. Aliitoa beringi mbele yangu, akaifuta, akaileta kwenye mwanga wa mlangoni. Kwenye mgongo wa pete ya nje kulikuwa na unga mwembamba wa rangi ya kahawia nyekundu, na mabaka yanayong'aa.

"Unaona hii? Chuma kimecheza juu ya chuma," alisema. "Beringi iliyobana haitoi unga."

"Mzee, kwa nini wa kwanza hawakuuona?"

Alifikiri kidogo. "Ukiitoa kwa haraka, unga unafutika na kitambaa."

Kisha akachukua kipimo cha ndani cha tundu, akakisawazisha kwa maikromita, akapima mahali pa kwanza, akageuza, akapima pa pili, akaandika, akarudia yote tangu mwanzo. Alirudia mara tatu. Sikuthubutu kuzungumza. Tundu lilikuwa limezidi kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa kwa milimita 0.06, karibu unene wa unywele mmoja wa kichwani. Haikuwezekana kusema kwa hakika lilizaliwa hivyo au lilipanuliwa na beringi zilizozunguka ndani yake. Mzee aliamini lilianza kubwa, kwa sababu sehemu ya ndani zaidi, ambayo pete haiigusi, nayo ilikuwa imezidi. Niliipenda hoja hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa sababu inayoweza kukaguliwa.

Walibadilisha nyumba yote pamoja na beringi. Siku hiyo niligoma kuondoka na maneno manne. Niliomba, nikakaa kwenye kiti hadi ikafanyika, kadi ya kazi iandike chanzo: kipenyo kilichopimwa, kiwango kinachoruhusiwa, jina la kipimo, unga kwenye pete. Ilikuwa aya nzima, na msimamizi aliipiga muhuri. Karatasi hiyo ina thamani kwangu kuliko kipuri chenyewe. Kama mvumo ungerudi hata baada ya waranti kuisha, nisingekuwa mteja anayelalamika kuhusu kelele. Ningekuwa mtu mwenye kosa la kiwandani lililopimwa, likaandikwa, ndani ya muda.

Likabaki jambo moja lililoninyima usingizi. Nyumba ya upande wa kulia inawezekana imetoka kwenye mashine ile ile, pengine wiki ile ile. Niliomba nayo ipimwe. Walikataa, na nilielewa: haina mlio, haina madai, hakuna wa kulipa. Nikamwuliza mzee ingechukua muda gani nikilipa mwenyewe. Akasema nusu siku, na beringi mpya, kwa sababu ya zamani haitoki salama.

Nililipa. Nilisimama palepale mlangoni nikimtazama akipima, akigeuza, akipima, akiandika. Pete ilitoka kavu na safi, bila unga. Namba zote sita zilikuwa ndani ya kiwango. Akanionyesha daftari, akafunga beringi mpya, akakaza nati kwa spana ya kipimo, akashusha gari chini.

Sasa limetembea kilomita 61,000. Jioni nikirudi nyumbani bado huzima redio ninapofika spidi ya 60 na kukata kona ya kulia.